Nilimwambia binti kuwa mama yake alimsamehe, kumbe marehemu hakuweza kusema

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 6 sasa katika wodi ya magonjwa ya ndani, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nimeshafunga macho ya watu wengi. Hii ni mara ya kwanza naandika kuomba msaada juu ya mmoja wao.

Wiki tano zilizopita nilikuwa na mgonjwa wa kiharusi, mama wa miaka 70 na kitu. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yalimpotea kabisa. Siku mbili za mwanzo alitoa sauti tu zisizoeleweka, siku ya tatu hata sauti ikakoma. Aliyekuwa akimuuguza ni mwanawe wa kiume. Jioni ile nilimwona amechoka, macho mekundu, nikamshauri akalale kidogo, tukapeana namba za simu. Kabla hajaondoka akanidokeza kwamba dada yake yuko safarini anakuja, na kwamba dada na mama walikuwa hawasemeshani mwaka wa 4 huo. Hakutaja sababu, nami sikuchimba.

Saa tano usiku huyo dada akanipigia, mtandao unakatikakatika. Nilichopata ni hiki: "Mwambie naja, sista. Mwambie anisamehe." Simu ikakatika. Nikainama nikamwambia mama kwenye sikio la kushoto kwamba binti yake yuko njiani na anaomba amsamehe, nikamalizia kumgeuza, nikaenda kitanda cha jirani ambako dripu ilikuwa imemvimbisha mgonjwa mkono.

Saa kumi kasoro alfajiri pumzi zake zikabadilika, zile za kusimama halafu zikarudi. Nikampigia kaka, nikavuta pazia, nikakaa. Saa kumi na dakika 20 ilisimama ikawa haikurudi tena. Daktari wa zamu akaja akathibitisha. Kaka alifika, akalia, kisha akatoka nje kuwapigia ndugu na kuulizia makaratasi. Mimi nikabaki kumwandaa marehemu. Nikatoa kanula ya dripu na mpira wa mkojo, nikamfuta, nikabadilisha shuka, nikakunja taulo nikaliweka chini ya kidevu ili kinywa kisibaki wazi. Dada alifika saa kumi na mbili kasoro robo, begi bado liko begani.

Alisimama miguuni pa kitanda. Hakulia. Akaniuliza, "Alisema nini?"

Mama, sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilimjibu, "Alikutaja jina. Alisema amekusamehe." Hapo ndipo begi lilipoanguka na yeye akaanguka nalo.

Nilimwinua, nikampa kiti na kitana. Akamchana mama yake nywele, polepole, akianzia kwenye ncha kama mtu anayeogopa kumuumiza. Nami nikalia palepale, sikujificha. Msimamizi wa wodi alipoingia asubuhi akakuta mwili bado uko kitandani, akanisema mbele ya wenzangu: kitanda kinasubiriwa, na muuguzi anayelia anawaongezea wafiwa mzigo.

Hilo ningelimeza. Lakini juzi dada amenipigia. Kumbe alimsimulia kaka yake maneno yale, na kaka akamjibu kuwa haiwezekani, mama alikuwa hasemi tangu Jumatatu, sista alikuonea huruma tu. Wamegombana vibaya. Sasa dada anataka nimpigie kaka nimthibitishie, na nimtajie hasa ilikuwa saa ngapi. Mwenzangu wa zamu anasema nishikilie hapohapo, kwani wagonjwa huweza kuzinduka dakika za mwisho, na nani alikuwepo wa kunipinga? Msimamizi nilimgusia juujuu tu kwamba ndugu wanapiga simu, akasema huyo dada yuko kwenye hatua ya kukataa, itapita.

Nimeahidi kumjibu wiki hii. Nikisema kweli nitamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Nikinyamaza, ndugu wawili wataendelea kuitana waongo kwa ajili yangu. Nifanyeje?

Sista wa usiku

*

Marahaba, mwanangu.

Usimpigie kaka. Mpigie dada, omba mkutane ana kwa ana, umwambie kwamba mama yake hakusema neno. Nimelitanguliza hili kwa sababu una wiki hii tu. Mengine soma ukishakunywa maji.

Kabla ya kukuambia namna, nikusimulie langu, maana sikuandikii nikiwa mtu safi. Nilifanya kazi wodini miaka 31. Mwaka wangu wa tatu au wa nne, usiku mmoja tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 40, na kwenye mzunguko wa saa kumi na moja nilimkuta baba mmoja ameshakufa, mikono imeanza kupoa. Mkewe alipofika alitaka jambo moja, kujua kama mumewe alikuwa peke yake. Nikamwambia hapana, tulikuwa naye. Baada ya mwezi yule mama akarudi amevaa vizuri, akaomba amwone sista aliyemshika mumewe mkono, amshukuru. Wenzangu wakanisukuma mbele. Nikapokea shukrani ile nikiwa nimesimama wima, akanikumbatia, akaenda zake. Sikumwambia siku ile wala baadaye, na sasa sina njia ya kumpata. Kwa hiyo unaponiuliza kama uongo wa namna hii una uzito, najua uzito wake hadi kwenye kilo.

Sasa tuje kwako. Soma tena barua yako, pale penye simu ya saa tano. Umepaandika kama mtu anayeandika kwamba alibadilisha shuka. Huyu binti alikupa ujumbe mtupu: mwambie naja, mwambie anisamehe. Alipofika na begi lake akauliza "Alisema nini?", alikuwa anauliza mambo mawili kwa pumzi moja. Kwanza, ulimfikishia? Pili, alijibu nini? La kwanza ulikuwa na jibu lake, la kweli, na ni wewe peke yako duniani uliyekuwa nalo. La pili hukuwa nalo. Ukajibu la pili, la kwanza ukaliacha mfukoni, na nadhani liko humo mpaka leo. Je, umewahi kumwambia kwamba uliinama? Kwenye barua sijaona.

Hicho ndicho utakachokwenda nacho. Unaogopa kwamba utamwacha mikono mitupu, nami naona utampelekea kitu ambacho hajawahi kupewa. Ombi lake la msamaha lilifika kitandani mama akiwa bado anapumua, likasemwa kwa sauti, sikioni, na mtu aliyelibeba neno kwa neno.

Atakuuliza kama mama alisikia, na hapa uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo uongo wa pili unapotega. Mwambie hujui. Unaweza kumwambia kitu ambacho wauguzi wengi wanakiamini, na ambacho kimepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha kazi waliyoifanya kwa wagonjwa waliokuwa wakihudumiwa katika siku zao za mwisho. Waliwavisha kofia ya kupima umeme wa ubongo, wakapima hata saa zile ambazo mgonjwa hajibu chochote, na wakakuta kwamba ubongo wa baadhi yao bado unaitikia sauti zinapobadilika, karibu sawa na wa watu wenye afya. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba wagonjwa wale walielewa maneno. Sauti kuufikia ubongo ni jambo moja, kuelewa ni jingine, na kwa mtu ambaye kiharusi kimemharibia upande wa maneno ndiyo kabisa hatuwezi kuapa. Kwa hiyo useme hivi: "Sijui kama alisikia. Inawezekana. Mimi nilisema kana kwamba anasikia." Ukishafika hapo nyamaza. Usiongeze kwamba alikufinya kidole. Usiongeze chozi lililomtoka. Na tafadhali sana usimwambie "moyoni alikuwa ameshakusamehe", maana hayo hukuyajua, na itakuwa umemvua koti la uongo ukamvisha shati la kitambaa kilekile.

Huyo mwenzako anayesema ushikilie hapohapo, mshukuru kwa nia yake njema umpuuze. Anauliza nani alikuwepo wa kukupinga. Faili lipo! Nina hakika wewe mwenyewe umeandika humo kila zamu kwamba mgonjwa haongei. Kaka pengine alimsikia daktari akieleza kwamba kiharusi kilichomlegeza mama upande wa kulia kimepiga kushoto kwa ubongo, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakokaa. Hakubahatisha, alimuuguza mwenyewe. Ukimpigia kumthibitishia, utakuwa umemwambia mtu mwenye haki kwamba hana haki, tena katika msiba wa mama yake mzazi. Na dada siku moja atakutana na ukweli ule kwa mlango mwingine, akiwa peke yake, pengine baada ya miaka. Heri aupate kwako ukiwa umekaa mbele yake.

Msimamizi wako naye na hatua zake za kukataa! Hili linanikera kidogo, nivumilie. Zile hatua tano za majonzi, kukataa ikiwa ya kwanza, alizitangaza daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakufa wao wenyewe. Baadaye tukazibandika kwa kila mfiwa kama ratiba ya treni, na zikawa kisingizio cha kutomsikiliza. Binti huyu hajakataa kwamba mama yake amekufa. Amemchana nywele. Anauliza swali lenye saa na dakika, na jibu lake unalo wewe.

Hata hivyo, msimamizi huyohuyo mwambie kabla hujakutana na dada. Mwambie yote, neno ulilolisema na unachokwenda kufanya. Atakasirika. Lakini jambo hili linaweza kurudi kama malalamiko ya ndugu, na ni vizuri alisikie kwako kuliko kulikuta mezani. Huenda kazini kwenu kuna utaratibu wa mazungumzo ya namna hii, huenda atataka awepo. Kama atataka awepo, akae pembeni, asiwe msemaji. Maneno uliyasema wewe, na wewe ndiye wa kuyafuta.

Siku yenyewe usimweleze kwa simu, wala kwa ujumbe wa maandishi. Kwenye simu mwombe tu muonane, na akikushikilia ("niambie sasa hivi, alisema saa ngapi?") mjibu kwamba swali lake ni zito, unataka umjibu mkiwa mmekaa. Atahisi kitu, hilo huwezi kulizuia. Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa, viti viwili vya kimo kimoja, simu yako izime. Usivae sare kama si lazima. Usianze na habari za hali yako, namna ulivyokosa usingizi, wala kazi ilivyo ngumu. Sema mapema, dakika ya kwanza, kwa maneno mafupi: "Asubuhi ile nilikuambia kwamba mama alikutaja na kusema amekusamehe. Hakusema. Alikuwa hawezi kusema. Niliyatunga mimi, na nimekukosea." Halafu kaa kimya. Utatamani kuujaza ukimya ule, ushike kiti chako. Huo ni wake.

Anaweza kukutukana. Anaweza kuinuka akaondoka, na akiondoka hutamkimbiza na habari ya sikio. Mwambie tu kwamba kuna jambo moja la kweli la usiku ule hajalisikia, na utalihifadhi mpaka atakapolitaka. Akikaa, mpe. Mwambie kuanzia simu yake hadi saa kumi na dakika 20, jinsi ulivyovuta pazia, ulivyokaa, pumzi zilivyokuwa. Wafiwa wanataka vitu vidogo kuliko tunavyodhani. Nani alikuwepo, taa ilikuwa inawaka au imezimwa, mikono ilikuwa ndani ya shuka au nje. Haya yote unayo. Kwenye barua yako nimeliona taulo ulilolikunja ukaliweka chini ya kidevu, na nimejua ulilifanya kwa haraka, kabla taya halijakakamaa, kwa sababu kuna mtu anakuja ambaye asimkute mama yake kinywa wazi. Mwambie na hilo, kama atauliza ulimwandaaje.

Jambo la kaka mwachie dada. Akitaka uwaambie wote wawili pamoja, nenda. Akitaka amwambie mwenyewe, nyamaza. Akitaka kukaa nalo kwanza mwezi mzima, pia nyamaza, ilimradi usimthibitishie kaka chochote katikati. Na usimwombe dada akusamehe. Mwambie umekosea, basi. Huyu mtu ana msamaha mmoja anaoutafuta tayari na aliyekuwa nao hayupo. Usimwekee wa pili mezani akaanza kukuhudumia wewe.

Ule wasiwasi kwamba utamharibia mfiwa hali yake, nao una msingi, sitaki kuupuuza. Kama alikuwa anaegemea maneno yale usiku na mchana, utamtikisa. Muulize atakuwa na nani jioni hiyo. Mkutane saa ambayo baada yake haendi moja kwa moja kwenye nyumba tupu. Na kama pale kazini kuna mtu wa ushauri nasaha au wa huduma za kiroho, muwe naye karibu, asiwe ndani ya chumba.

Umeniandikia pia kuhusu kulia. Lia, mwanangu. Mpaka niliouweka mimi kwa miaka yote ni mmoja tu: mfiwa akianza kukufariji wewe, toka nje ukamalizie huko. Kwenye barua yako yule binti alikuwa anachana nywele na wewe unalia, na hakuna aliyembeba mwenziwe. Msimamizi alikosea. Kitanda kinasubiriwa, ndiyo, nimeshawahi kuwa mimi niliyekuwa nikikisubiri na najua presha ilivyo asubuhi. Lakini dakika zile hazirudishwi kwa mtu yeyote, na ulifanya vyema kumpa. Ukiwa na nguvu baadaye, pendekeza wodini kwenu kwamba familia inayofika baada ya kifo ipewe muda unaojulikana, uandikwe, ili siku nyingine asisimangwe mtu.

Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina kanuni zake za maadili, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953. Katika toleo la 2021, huruma na uaminifu vimeorodheshwa ndani ya sentensi moja. Nilipokuwa nasomea uuguzi nilikariri mambo ya namna hiyo kwa ajili ya mtihani. Ilinichukua yule mama wa kukumbatia ndipo nielewe kwa nini havikutenganishwa.

Umeniambia ni mwaka wa 6, zamu nyingi za usiku, na kwamba dakika chache baada ya kumpa mama ujumbe ule ulikuwa kitanda cha jirani unashughulikia mkono uliovimba. Sishangai kwamba saa kumi na mbili kasoro robo mdomo ulitangulia. Safari ijayo, mtu akikuuliza alisema nini na marehemu hakusema, una haki ya kuvuta kiti kwanza. Sentensi ya kuanzia ni fupi: "Hakuweza kusema. Nilikuwa naye. Kaa nikusimulie." Inakupa muda wa kukumbuka uliyoyaona, na wewe unaona mengi.

Nenda kabla wiki haijaisha. Na huyu dada, akishakasirika, au kabla hajakasirika, atarudi kwenye ile simu ya saa tano. Atataka uonyeshe ulivyoinama, ulimwita mama kwa jina gani, ulisema kwa sauti ya kiasi gani. Pengine atauliza hata ni sikio lipi. La kushoto.

Mama